Mzee Wilfred Hakuwa Kanisani

Kwetu mlimani,
kupitia Mlali, Morogoro.
18 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa, Fratera Dominiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea, nami naitikia marahaba kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe siku hizi umechoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena, na baridi ya huko seminari haijakuzidi nguvu. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomlalamikia anapopanda kutoka mtoni. Baba ni mzima wa mwili. Hayo mengine ya Baba ndiyo yaliyonikalisha chini niandike, kwa sababu simu zenu anazo mlezi wenu hadi likizo, na hata ungekuwa nayo nisingeweza kuyasema haya kwa simu. Ningepiga kelele tu.

Barua yako ya shangwe imefika. Niliisoma nimesimama, kisha nikaificha ili Baba asiione. Unasema habari za muujiza wa kigango chetu zimefika hadi kwenu, kwamba mlima ulimeguka na matope yakalipisha kanisa la Mtakatifu Ana kama kijana anavyompisha mzee njiani, na kwamba umeombwa uwasimulie wenzako siku ya mafungo. Unasema pia sasa nikubali kwamba ule ubishi wetu wa Noeli umekwisha. Unaukumbuka vizuri. Ulikuwa umetoka kwenye masomo yenu ya falsafa, ukanieleza habari za uhalisia na udhanifu mpaka chai ikapoa. Ukasema mimi ni mtu wa uhalisia, naamini ninachokikanyaga. Ukasema Baba ni mtu wa udhanifu, anauona ulimwengu jinsi unavyopaswa kuwa, na kwamba imani inakaa upande wake. Mimi ukaniachia udongo.

Basi nakuandikia habari za udongo. Tafadhali usimsimulie mtu yeyote chochote kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Wewe ulipoondoka mvua zilikuwa bado hazijatukasirikia. Masika ilipoanza, nilipanda juu ya kanisa kukagua makinga maji, maana ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, wapende wasipende. Unalijua eneo lile. Tulipokuwa watoto lilikuwa msitu, tukiogopa hata kuokota kuni humo. Leo ni maharage na kabeji mpaka kileleni, na kila mwaka nawaambia wakulima waache miti, na kila mwaka wananiitikia ndiyo Bibi Shamba, ndiyo Bibi Shamba, kisha wanashika shoka. Katikati ya kabeji hizo nikauona ufa. Niliingiza mguu ukazama hadi gotini. Ufa wenyewe ulipinda juu ya kanisa, ukaendelea juu ya zile nyumba mbili za ubavuni, ya Faraja na ya Mzee Wilfred.

Faraja unamkumbuka, yule mjane kijana mwenye watoto watatu anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na Mzee Wilfred huwezi kumsahau, maana ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Ni yeye na Baba waliolijenga kanisa lile, Wilfred akiwa mwashi na Baba msaidizi wake, saruji ikipandishwa kutoka Mlali kwa vichwa vya watu. Walikuwa wakiitana pacha.

Nilitoa taarifa ofisi ya kata. Wakaja, wakamleta na mtaalamu kutoka mjini, akatazama, akatikisa kichwa. Akasema zile nyumba mbili zihamwe na ibada zihamie darasani, kule shuleni ng'ambo ya bonde, mpaka mvua ziishe. Ni jambo dogo kabisa, Dominiko. Kuvuka bonde tu! Lakini wewe unajua kwamba hapa kwetu padri anafika mara chache, na kati ya misa na misa neno la katekista ndilo sheria. Watu walimgeukia Baba. Baba akawaambia kwamba kanisa lile halikujengwa kwa kibali cha mlima. Akasema siku tutakapoikimbia nyumba ya Mungu hatutakuwa na pa kumwitia atulinde. Kisha akatangaza novena, siku tisa za sala, na maandamano siku ya mwisho.

Nilibishana naye jikoni, shambani, njiani. Nilimwambia kwamba Yesu mwenyewe, alipowekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, alikataa kumjaribu Mungu. Baba akanitazama kwa upole ule wake unaotia hasira, akasema aliyetangulia kunukuu Maandiko siku ile alikuwa Shetani. Watu wakacheka. Mimi nikabaki na ufa wangu.

Nilikwenda kwa Faraja. Akanikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaniuliza kama Mwalimu mwenyewe, yaani Baba, hahami, yeye atahamaje. Nikamwambia Mwalimu haishi chini ya ufa, yeye ndiye anayeishi. Akasema nyumba ya Mwalimu ni kanisa, na kanisa liko palepale jirani yake.

Mzee Wilfred ndiye peke yake aliyenisikiliza. Mguu wake ulikuwa umevimba vibaya, hata mlangoni hafiki, na novena alikuwa akiisikilizia kitandani kupitia dirisha. Nilipomweleza habari za ufa hakushangaa. Alisema yeye na Mlungu, ndivyo alivyozoea kumwita Mungu, walishaelewana tangu zamani, kinachowagombanisha ni mguu tu, na kama kuna watu wa kumbeba yuko tayari hata sasa hivi, mradi wasisahau redio yake. Nikawaomba vijana wanne wa kwaya. Wakakubali. Wakatengeneza machela ya mianzi, wakaniahidi kwamba siku ya mwisho ya novena, saa za mchana, watamvusha bonde na kumleta shuleni.

Siku hiyo mimi na Mama tulitangulia. Tulifagia chumba cha akiba, tukatandika godoro, Mama akapika uji wa ulezi kwa sababu Mzee Wilfred aliupenda. Tukasubiri. Ng'ambo tulisikia maandamano yakianza, nyimbo zikizunguka kigango. Vijana hawakuja. Mama akaufunika uji kwa kanga ili usipoe. Ghafla mvua ikashuka, si ya matone, ni ile inayomwagwa, na bonde lote likapotea. Nikajisemea kwamba mvua ndiyo iliyowachelewesha.

Halafu tukausikia mlima ukishuka. Sijui nikwambie ulifanana na nini. Mama alisema jina la Baba, basi, hakusema kingine.

Jinsi tulivyovuka bonde sikumbuki. Nilipofika nilikuta kanisa limesimama, na ndani watu wamejaa, wameloa, wanaimba kwa nguvu zote kwa sababu waliona kuta zinatetemeka. Waandamanaji walikuwa wamekimbilia humo mvua ilipowazidi, Faraja na watoto wake wakiwa miongoni mwao. Matope yaligawanyika juu kidogo ya kanisa, kwenye ule mwamba mkubwa tuliokuwa tukianikia nguo. Yakapita ubavuni. Nyumba ya Faraja haikuwepo. Nyumba ya Mzee Wilfred haikuwepo.

Tulichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Tulimpata kesho yake. Baba alimwosha mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yanayoninyima raha hadi leo. Kabla ya kaburi kukauka neno muujiza lilikuwa limeshashuka mlima. Watu walikuja kutoka Mlali, kutoka Mikese, wengine walisema wametoka Kisaki, wakapanda huku kuchota udongo wa ubavuni mwa kanisa na kuutia kwenye mifuko. Faraja akawa akisimama mbele yao na kutoa ushuhuda. Mimi nikawa mfano wa mtu wa imani haba. Bibi mmoja nisiyemjua alinishika mkono sokoni, akaniambia nimwombe Mungu msamaha kwa kuwatisha watu wake. Mimi, niliyeuona ufa! Nilipouliza, na Mzee Wilfred je, waliniambia Mungu alimpenda zaidi. Hiyo ndiyo hesabu yao: waliobaki wamependwa, na aliyefunikwa na matope amependwa zaidi. Kuna mtu atakayeshindwa hesabu ya namna hiyo?

Nilitegemea Baba atakuwa wa kwanza kuupigia debe muujiza huo. Dominiko, tangu siku ya mazishi Baba hajaingia tena kanisani. Funguo alimpelekea mwenyekiti wa kigango bila maneno. Wageni walipokuja kumwamkia na kumwomba awasimulie, aliwakaribisha maji, akashika jembe, akaenda shamba. Padri alipopanda kutuona, alionya kwamba mtu asilitumie neno muujiza ovyo, akaagiza ibada zihamie darasani mpaka mlima ukaguliwe upya. Akamwita Baba pembeni wakaongea. Baba alimwambia kwamba sauti imemkauka. Sauti hiyohiyo nilikuwa nikiisikia kila siku ikiwaswaga mbuzi.

Mvua zikaisha. Ufa bado upo, tena umeongezeka mwingine juu yake. Na mwezi uliopita nikamkuta Faraja akipima msingi palepale.

Ndugu zake hawana ardhi ya kumpa, na wale mahujaji walimchangia nguzo na mabati. Alisema pale sasa ni mahali patakatifu. Nilimsihi, nikamwonyesha, nikampandisha mpaka kwenye ufa wenyewe. Akasimama pembeni yake na mtoto mgongoni, akaniambia maneno ambayo sijayatua hadi leo. Alisema, "Dada Winfrida, mimi nimepoteza nyumba, nguo, na picha pekee ya mume wangu. Kilichobaki mkononi mwangu ni kwamba Mungu aliniita kanisani siku ile. Na hicho nacho unakitaka?"

Nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilimkuta Baba anapura maharage. Sikumheshimu, Dominiko, nakiri. Nilimwambia imani yake ilikuwa na sauti wakati wa kuwazuia watu wasihame, leo mwanamke anawajengea watoto wake kaburi, imani imekuwa bubu. Nilimwambia neno lake moja lingetosha. Baba aliendelea kupura. Mama akanitoa nje kwa mkono kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata Baba alivaa lile koti lake la ibada, la kijivu, akatoka. Mimi na Mama tukamfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja kwa Faraja, walikokuwa wanasimamisha nguzo, na wajenzi wakuu walikuwa walewale vijana wanne wa kwaya. Baba akasalimia. Kisha akashika nguzo ya kwanza, akaing'oa, akailaza chini taratibu. Akaishika ya pili. Watu walidhani amerukwa na akili. Faraja akapiga kelele, majirani wakajaa, hata wageni waliokuja kuchota udongo wakasogea.

Baba akasimama kati ya zile nguzo, akasema kwa sauti ileile ya ibada. Nakuandikia kama nilivyomsikia.

"Mzee Wilfred hakuwa kanisani kwa sababu yangu. Vijana hawa walikuwa wameshamtoa ndani. Walikuwa wamemlaza kwenye machela, redio iko kifuani. Mimi nikawasimamisha. Sanamu ya Mama Maria ilikosa wabebaji wenye mabega, nikawaambia mrudisheni ndani kwanza, tumalize maandamano, kesho tutamvusha kwa wimbo wa shukrani. Wilfred akanicheka, akasema, haya pacha, mimi na mama wa Mungu, atangulie mama. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mkisema Mungu aliwaita waliokuwa kanisani, semeni pia ni nani aliyemrudisha Wilfred kitandani. Si Mungu. Nilimwomba Mungu afanye kazi ambayo alikwisha kuipa mabega manne, na mabega hayo nikayachukua mimi."

Wale vijana waliinamisha vichwa. Miezi yote hii walikuwa wanajua, Dominiko. Walikuwa wanajua, wakaimba. Mimi niliyengoja ng'ambo na uji nilikuwa nikiilaumu mvua.

Faraja alikuwa ameketi kwenye udongo. Akamwuliza Baba, basi mimi niliokolewa na nini? Nilidhani Baba atampa aya. Wewe na mimi tumekua tukimwona akiwapa watu aya kwa kila donda. Baba akamwambia kwamba hajui. Akarudia, hajui, na kwamba atazeeka akiwa hajui, lakini anajua kwamba mlima huu utashuka tena na kwamba watoto wale watatu wanaweza kutembea. Akamwambia achukue lile shamba letu la karibu na shule, ambalo lingekuwa lako usingeenda seminari. Natumaini hutalikasirikia. Hakutuuliza, si mimi, si Mama.

Siku chache baadaye tuliona nguzo zinavuka bonde kwenye mabega ya walewale vijana. Sasa ameshaezeka. Hatusalimii. Anapita mbele ya Baba kama anapita mbele ya gogo, na Baba anavua kofia kila anapopita.

Usidhani basi kijiji kimefunguka macho. Nusu wanasema Mwalimu amepoteza imani, na wameandika parokiani kuomba katekista mwingine. Wageni bado wanakuja kuchota udongo, ingawa wamepungua. Juu ya ufa wamepanda kabeji mpya, nami nawaambia, nao wananiitikia ndiyo Bibi Shamba. Vuli haiko mbali. Kuna siku natamani nishuke mjini nikatafute kazi ya kukaa ofisini, niuze dawa za wadudu, nisijue tena nani anaishi chini ya nini.

Kuhusu mafungo yenu, nimekwambia yote, uamuzi ni wako. Ukipenda wasimulie. Lakini mtaje Mzee Wilfred kwa jina lake, na machela usiiruke. Na Baba usimwandikie barua ya kumsifu, wala ya kumfariji kwa aya. Mwulize mbuzi wanaendeleaje.

Limebaki moja, na hili sijamwandikia mtu wala kumwambia. Ibada zilipohamia darasani, mwenyekiti alijaribu kuongoza akashindwa, macho yake hayasomi maandishi madogo. Padri akaniomba mimi. Nilimwambia hapana, akasema ni Jumapili moja tu. Basi ndiyo hiyo Jumapili moja, haijaisha hadi leo. Kila wiki dada yako wa udongo anasimama mbele ya ubao na kusoma Injili, na watu wanaoniita mwenye imani haba wanasimama nikisema wasimame.

Nasoma vizuri, sijisifu. Tatizo ni Kanuni ya Imani. Nikifika hapo natamka "Nasadiki", kisha mdomo wangu unafunga wenyewe. Watu wanaendelea, wao wanaijua kwa moyo, mimi nimesimama natazama dirishani hadi wafike "Amina". Si kwamba sisadiki. Ningekuwa sisadiki ningebaki nyumbani nikalala. Ni kwamba nilipomwona Baba akiwa na hakika, nilikuwa na kitu cha kupingana nacho, na upinzani wangu ulikuwa kama ukuta wa kuegemea. Sasa Baba amesema hajui, na mimi sina ukuta. Nilishinda ubishi, Dominiko, na sijui cha kufanya na ushindi wenyewe. Ningependa falsafa yenu inieleze mtu wa namna hiyo mnamwita nani.

Nilidhani hakuna aliyegundua. Jumapili iliyopita, tukiwa njiani kurudi, Mama aliniuliza kama koo linaniuma. Nikasema haliniumi. Tukatembea kidogo. Akasema basi asiseme mengi, ila kuanzia wiki ijayo atasali Kanuni kwa sauti ya watu wawili, mpaka nitakapokuwa tayari kuichukua ya kwangu. Na leo asubuhi, Dominiko, amefanya hivyo. Amepaza sauti mpaka watoto wa mbele wakageuka kumtazama. Mimi sikufungua mdomo, lakini sikutazama dirishani.

Naishia hapa, mshumaa huu nimeuazima kwa mwalimu mkuu wa shule na inanibidi nimrudishie kilichobaki. Mama anakusalimu sana na anauliza kama sweta alilokufuma linakutosha. Baba hakusema nikusalimie, ila aliponiona naandika aliuliza kama wewe unakula vizuri, kwa hiyo ichukue hiyo kama salamu. Wasalimie wenzako na mlezi wenu. Tuombee, nasi tunakuombea kwa kadiri tunavyoweza, kila mtu kwa sauti aliyo nayo.

Dada yako akupendaye,
Winfrida